Kibuyu kwenye msumari: Januari zangu na darasa la kwanza

Januari 2016 nilibandika ukutani manila yenye sheria kumi na nne. Nilitumia makapeni mbili, nyekundu kwa namba na bluu kwa maneno, mwandiko wa chuo kabisa, kila herufi imekaa kwenye mstari wake. Namba moja: Wahi shuleni. Namba sita: Ongea Kiswahili muda wote. Namba tisa: Hakuna kutoka nje wakati wa kipindi. Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua mbili, nikazitazama, nikajiona mwalimu hasa.

Siku ya tatu mwalimu wa darasa la pili alipita dirishani. Alikuwa amebakiza miaka michache kustaafu, na shule nzima, hadi mwalimu mkuu, tulimwita Mama. Akasimama, akazisoma zote kumi na nne bila haraka, midomo ikicheza kidogo.

"Hizi umemwandikia nani, mwanangu?"

"Watoto, Mama."

"Watoto wa darasa la ngapi?"

Hakungoja jibu. Akaenda zake na boksi lake la chaki. Nikabaki nawatazama watoto mia na ushee wa darasa la kwanza, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa anaijua "a" akikutana nayo njiani.

Mimi kwetu Muheza, Tanga. Nilipangiwa Chamwino, Dodoma, katikati ya 2014, nikashushwa Buigiri kwenye lami nikiwa na begi na godoro, bodaboda ikaniingiza ndani hadi kijijini huku dereva akinipa pole njia nzima kana kwamba nimefiwa. Mwaka na nusu wa mwanzo nilifundisha sayansi darasa la tano. Darasa la tano ni watu wazima. Wanajua rimu ikigongwa asubuhi maana yake nini na ikigongwa saa nne maana yake nini, wanasimama mwalimu akiingia, wanajua daftari linafunguliwa upande gani. Mwalimu wa darasa la tano anakula matunda ya mti alioupanda mwenzake, wala hajui. Mimi sikujua. Nilidhani mtoto anazaliwa akijua kupanga mstari.

Kisha mwishoni mwa 2015 ukatoka Waraka wa Elimu Namba 5. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imeshaondoka tangu enzi za MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, ila michango haikufa: ya mlinzi, ya mitihani, ya madawati, kila mwaka na jina lake. Waraka uliifuta, na Januari akina mama wakaja wamewashika watoto mikono, wengine wa miaka sita, wengine tisa, mmoja kumi na moja aliyekuwa amechunga mbuzi hadi akachoka. Mwaka uliotangulia darasa la kwanza lilikuwa na watoto 58. Mwaka ule rejesta yangu ilifika 134. Kiwango cha wizara ni watoto 45 kwa darasa. Madawati nilikuwa nayo 26. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akasema, "Mwalimu, wewe bado kijana," na hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu ya kushika darasa la kwanza.

Niseme jambo moja kuhusu Januari ya Dodoma, maana waandishi wa miongozo ya ualimu sidhani kama wamewahi kuiishi. Huku msimu wa mvua ni mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Shule inafunguliwa wakati uwele na mtama vinadai palizi, wakati ghala la mwaka jana limebaki vumbi, wakati korongo likijaa usiku hakuna wa kuvuka asubuhi. Kwa hiyo ile "wiki ya kwanza" inayosemwa kuwa ndiyo ya kujenga mazoea ya darasa, huku haipo. Uandikishaji unakwenda hadi mwisho wa Machi. Kila Jumatatu unakuta sura mpya sita, saba, zimekaa kimya kwenye sakafu, hazijui choo kiko wapi. Ukishamaliza kuwazoesha waliokuja tarehe kumi na moja, wa tarehe ishirini na tano wanakuja kukuvurugia.

Nilichofanya na hali hiyo ni kile anachofanya mtu aliyezidiwa: nilipandisha sauti. Nilitembea pia na kijiti cha mkole. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 nilizijua vizuri, kwamba anayechapa ni mwalimu mkuu au yule aliyemteua, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Nilijiambia kijiti changu ni cha kuonyeshea ubaoni. Watoto hawakuzisoma kanuni. Wao walikiona kijiti.

*

Ilikuwa wiki ya pili, kipindi cha tatu. Mtoto mmoja wa kike, mdogo kwa umbo, aliyekuwa anakaa chini karibu na ukuta wa nyuma, alisimama akasema kitu kwa Kigogo. Nikamwambia, "Sema kwa Kiswahili." Akarudia kwa Kigogo, kwa sauti ndogo zaidi. Nikanyoosha kijiti kwenye manila, kwenye namba sita, nikamwambia tena aseme kwa Kiswahili, nikageuka kuendelea kuchora chungwa na yai ubaoni. Nakumbuka lile yai nililichora vizuri.

Niligeuzwa na kicheko. Kilianzia nyuma kikaja mbele kama upepo unavyokuja kwenye shamba la uwele. Alikuwa bado amesimama palepale, sketi imeganda miguuni, na maji yanatambaa kwenye sakafu kuelekea kwa wenzake, nao wanasogea wakivuta madaftari yao. Hakulia. Alikuwa ananitazama mimi tu, akiniangalia kama mtu anayengoja kuambiwa sasa afanye nini.

Sikuwa na sheria ya hilo.

Mama alisikia kelele akaja. Akamfunga kanga yake kiunoni, akamtoa nje, akarudi na ndoo ya mchanga, akaumwaga pale chini, yote hayo bila kunitazama. Mtoto hakuja kesho yake. Wala wiki iliyofuata.

Jumamosi ya pili Mama alinifuata nyumbani asubuhi. "Twende tukaone mgonjwa wako." Tulivuka korongo likiwa na mchanga tu. Mama yake mtoto tulimkuta shambani anapalilia, mtoto naye pembeni ana kijembe chake kilichokatwa mpini. Mama akasalimia, "Mbukwenyi!" wakaongea Kigogo muda mrefu, habari za mvua, za mifugo, za nani amefiwa, mimi nimesimama na viatu vyangu vilivyong'aa. Hatimaye yule mwanamke akanigeukia, akaniwekea Kiswahili ili nisikie mwenyewe.

"Mwalimu, mwanangu anajua kuomba. Aliomba. Ni wewe hukusikia."

Akainama akaendelea na jembe. Hakusema kwa hasira, na nilitamani angesema kwa hasira.

*

Jumapili ile niliibandua manila. Sikuichana, manila ni pesa. Niliigeuza, nyuma yake ikaja kuwa chati ya irabu. Mama, nilipomuuliza sasa nifanye nini, hakunipa sheria nyingine. Alisema, "Kabla hujawaambia unataka nini kwao, hesabu kwanza wao wanataka nini kwako." Nikadhani ni methali. Akasema hapana, hesabu, chukua chaki.

Basi Jumatatu nikahesabu. Kila mtoto aliponijia au aliponiita, nilipiga mstari mmoja kwenye ubao wa mlango. Hadi saa nne, kengele ya mapumziko, nilikuwa na mistari 187. Kuna iliyokuwa ya choo. Kuna ya maji. Kuna ya penseli iliyokatika ncha, ya "mwalimu nimemaliza", na iliyozidi zote, tena kwa mbali, ilikuwa ya mashtaka: huyu kanipiga, huyu kachukua ufutio wangu, huyu kasema baba yangu ana punda mmoja. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika thelathini. Fanya hesabu mwenyewe uone nilikuwa nafundisha saa ngapi.

Wengi walionijia walikuwa na shida tano zilezile, na zote zilipita kwangu kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kupita. Mimi ndiye niliyekuwa msongamano.

Nilianza na choo, kwa deni nililokuwa nalo. Mnadani nilinunua vibuyu viwili vidogo, vile vya kuchotea, nikavifunga kamba, nikapigilia misumari miwili kando ya mlango: kimoja cha wasichana, kingine cha wavulana. Utaratibu ni huu. Ukibanwa, tazama msumari. Kibuyu kipo? Kivae shingoni, nenda, rudi, kitundike. Hakipo? Ngoja mwenzako arudi. Huombi ruhusa, husemi neno, si kwa Kiswahili si kwa Kigogo. Mtoto aliyefika leo kutoka porini, asiyejua lugha ya shule hata kidogo, anaweza kuutumia kabla ya saa nne kwa kutazama tu. Ndiyo sababu ni mmojammoja pia: kiwango cha vyoo ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na sisi shule nzima yenye watoto zaidi ya mia sita tulikuwa na matundu manane. Ukiwaachia kumi kwa pamoja, watano wanakwenda kucheza na mmoja anasukumwa.

Siku ya kwanza vibuyu vilitoka mara 41 kabla ya mapumziko. Kila mmoja alitaka kukivaa. Kulikuwa na mtoto wa kiume aliyekwenda mara nne, anatoka anatembea taratibu kama mwenyekiti wa kijiji, anarudi. Mwalimu jirani akaja mlangoni akacheka hadi akashika kizingiti: "Darasa lako limehamia chooni." Nilikuwa karibu nivitoe. Mama akasema, "Waache wakinai." Siku ya pili mara 30 na kidogo. Ijumaa vilitoka mara kumi na moja, na tangu hapo haikuzidi sana hapo. Ningevitoa siku ile ya kwanza leo ningekuwa nasimulia jinsi watoto wa kijijini wasivyoaminika.

Yule binti alirudi Jumatano ya wiki ileile. Hakukigusa kibuyu siku tatu. Siku ya nne, mapumziko yakiwa yamekaribia, nilimwona kwa pembe ya jicho anainuka. Nikageukia ubao nikaanza kuandika kitu, sijui niliandika nini.

*

Penseli ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, na naitaja upesi kwa sababu kila mwalimu wa darasa la kwanza anateswa nayo. Wanachonga kwa wembe. Watoto 134 na nyembe, fikiria. Nikaweka makopo mawili juu ya meza: la kushoto la penseli zilizokatika, la kulia la zilizochongwa. Ncha ikikatika, dumbukiza kushoto, chukua kulia, rudi ukae. Viranja wawili wa darasa la sita walikuja kila mapumziko kuchonga. Penseli zikawa za wote, na wazazi wawili walilalamika kuwa mwanao kaja na penseli nzuri karudi na kipande. Malalamiko yao yalikuwa ya haki. Nikawaambia wafunge uzi wa rangi kwenye ile wasiyotaka ichanganywe, na yule mwenye uzi akae na penseli yake na shida zake.

Mashtaka niliyahamishia chini ya mkwaju. Mwenye shtaka lisilo na damu alilete mapumzikoni, nitakuwa pale nimekaa. Niliwasikiliza kweli, sikuwadanganya. Lakini kati ya mashtaka yote ya asubuhi, yaliyofika mkwajuni hayakuzidi manne. Mengine yalikufa njiani, mshtaki na mshtakiwa wakiwa wanacheza rede pamoja.

Jambo lililochukua muda, na lililoniletea masimango ofisini, ni kuingia darasani. Tulitumia siku nne tukijifunza kuingia. Tunatoka wote nje, tunapanga mstari, tunaingia, tunakaa. Halafu tunatoka tena. Nilikuwa nimewaambia "ingieni vizuri" mara elfu na neno "vizuri" halikuwa na miguu wala mikono. Sasa nikalionyesha: mkono mmoja kwenye bega la aliye mbele, safu ya ukutani inaingia kwanza, unaruka kizingiti, unakwenda hadi mwisho wa dawati ili wa nyuma apate pa kukaa. Siku ya kwanza tulitumia dakika kumi na mbili. Ijumaa dakika mbili na nusu, na walitaka kurudia ili wapate mbili. Mwalimu mkuu akanikumbusha kuwa azimio la kazi linaningoja. Nilimwomba anipe mpaka mwisho wa Februari. Alinipa, ila akaniambia akija mthibiti ubora, yule mkaguzi wa shule, nitajieleza mwenyewe.

Safu nilizipa majina ya mazao: Uwele, Mtama, Karanga, Alizeti, Zabibu. Nikiita "Karanga, leteni madaftari," wanakuja Karanga peke yao. Kosa langu ni kuongeza safu ya sita nikaiita Mlenda. Waligoma. Watoto wanaokula mlenda kila siku ya Mungu, hakuna aliyetaka kuitwa. Mmoja akalia kabisa. Nikabadilisha ikawa Ubuyu, amani ikarudi, na hadi leo sijaelewa ubuyu umezidi nini heshima.

Halafu kimya. Mwanzoni nilikuwa nagonga meza, nagonga ubao, nasema "kimyaaa", nao wanaitikia "kimyaaa" kwa furaha kubwa na kelele inaongezeka. Mchana mmoja wa mvua, tukingoja ipungue, Safu ya Mtama walianza kupiga madawati. Hazikuwa kelele. Mmoja anaanza, wengine wanapokea, wa tatu wanaingia katikati na pigo lao, kama wanavyosikia mama zao wakipiga muheme, ngoma imebanwa mapajani. Hawa ni watoto wa mkoa uliomtoa Hukwe Zawose, gwiji wa muziki wa Kigogo. Kupokezana hawakufundishwa na mwalimu kutoka Muheza. Nikawaomba wanifundishe kipande kimoja kifupi. Nilikikosea mara nyingi, wakanicheka, wakanirekebisha. Kuanzia kesho yake, nikitaka kimya, napiga pigo la kwanza kwa viganja, wao wanapokea la pili, nami nafunga la tatu, na mikono yote imeshuka. Ukiwa unapiga makofi kwa pamoja na wenzako huwezi kuwa unapiga soga. Sijapata kuamuru mtu anyamaze tangu hapo, isipokuwa siku nikiumwa kichwa.

Si yote yalifaa. Nilimweka kiranja wa kuandika wapiga kelele, kama tulivyokuwa tunaandikwa sisi. Kwa kuwa hakujua kuandika, alichora alama kwa mkaa kwenye kipande cha boksi, kila mtoto na alama yake anayoijua yeye peke yake. Baada ya wiki nikagundua alama zinafutwa kwa karanga. Konzi moja, alama moja. Alikuwa na biashara inayokwenda vizuri kuliko yangu. Cheo nilikifuta na karanga tulikula darasa zima, naye akiwemo, ingawa alizila kwa huzuni.

Na kuna siku simu yangu iliita katikati ya kipindi, ni dada yangu kutoka Muheza, nikatoka nje. Niliporudi, mtoto wa Safu ya Alizeti, mpole, wala hakuwa na nia ya kunikosoa, akaniuliza: "Mwalimu, mbona wewe hujavaa kibuyu?" Darasa zima likageuka kunitazama. Walikuwa wanataka kujua kweli. Nilitafuta jibu la kimwalimu sikulipata. Tangu siku ile nikitoka nje wakati wa kipindi navaa kibuyu, na mzazi anayenikuta uwanjani nazungumza na simu na kibuyu shingoni ananisalimia kwa uangalifu.

*

Wale wapya wa kila Jumatatu ndio waliokuwa wanavunja kila kitu, hadi nilipoacha kuwapokea mimi. Kila mgeni nampa mwenyeji. Mwenyeji ni mtoto aliyekaa darasani walau wiki mbili. Kazi yake wiki nzima ni kukaa na mgeni, kumpeleka chooni mara ya kwanza, kwenye kibuyu chirizi kunawa, kwenye makopo, kwenye mstari. Anamweleza kwa lugha wanayoelewana. Namba sita ilikufa pale, na sikuizika kwa huzuni. Kiswahili wanakipata kwangu, kwenye nyimbo, kwenye hadithi, na kufikia Juni wanakisema hadi unawaomba wapumzike. Nilichojifunza ni kuwa mwenyeji mwenyewe ndiye anayefaidika zaidi. Yule kiranja wa karanga nilimpa mgeni mkubwa kuliko yeye, akamfundisha taratibu zote kwa ukali wa askari jela, na tangu hapo hakukosea hata moja.

Mthibiti ubora alikuja Machi. Akazunguka, akatazama madaftari, akauliza sheria za darasa zimebandikwa wapi. Nikamwonyesha msumari. Mmoja ulikuwa mtupu wakati ule, mwenyewe yuko chooni. Akautazama, akanitazama, akaandika kitu kirefu kidogo kwenye karatasi yake.

Wazazi nao. Tuliitisha mkutano Februari wakaja kumi na moja, maana wengine wako shambani na wenye akili zao hawaachi palizi kwenda kusikiliza mwalimu. Jumamosi ya mnada nikaenda mimi. Pale penye mbuzi na nyama choma nilionana na zaidi ya arobaini, mmojammoja, na nilikuwa na ombi moja tu: mtoto alale na daftari lake kwenye mfuko uliotundikwa, asiamke akilitafuta. Ombi moja mtu analikumbuka akishafika nyumbani. Ningewapelekea kumi na nne wangeniuzia mbuzi niondoke.

Sasa tuna mikondo miwili, A na B, na Mama amestaafu, analima zabibu zake Hombolo. Vibuyu vya kwanza vilishapasuka zamani, nadhani hivi ni vya nane na vya tisa.

Machi hii alikuja mgeni wa mwisho mwisho, wa kiume, miaka saba hivi, analelewa na bibi yake ng'ambo ya korongo. Nilimpa mwenyeji, binti mmoja mwenye maneno mengi, nikamsikia akimweleza mlangoni kwa Kigogo, mkono kwenye msumari, mkono kiunoni. Mgeni akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Kipindi cha nne akavaa kibuyu, akatoka, hakurudi. Tukamtafuta chooni, uwanjani, chini ya mkwaju. Mwenyeji wake akalia kwamba amempoteza mtu. Mchana kiranja mmoja akaja kusema ameonekana akivuka korongo, kibuyu shingoni, anakwenda kwao.

Kesho yake kabla ya kengele bibi akaja naye, kamshika mkono, kibuyu kakibeba mwenyewe kwenye kanga. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akasema marahaba, akakitoa. Nilidhani amekuja kuniombea radhi mjukuu. Alikuwa na lalamiko lake.

"Mwalimu, kibuyu hakifungwi kwa nailoni. Kitakatika shingo."

Alikuwa ameitoa kamba yangu, ameweka ukanda wa ngozi uliosukwa, mpya, bado unanuka mbuzi. Akakitundika mwenyewe kwenye msumari, akakisukuma kidogo kuona kinavyoning'inia. Kisha akakitazama kile cha pili, cha wasichana, na kamba yake ya nailoni, akakitungua akaondoka nacho.